Mjadala: Chile iwafukuze walioingia kwa njia za panya, au iwape vibali?

Ndugu zangu, kila Chile inapotajwa nasikia hoja moja: walioingia kwa njia za panya warudishwe wote, sheria ni msumeno. Kwa ahadi ya namna hiyo José Antonio Kast alishinda urais Desemba 2025. Mimi napinga.

Tuangalie kwanza hizo njia zilivyozaliwa. Zamani Mhaiti au Mvenezuela aliingia kama mtalii, akipata kazi anaomba kibali akiwa humohumo nchini. Mwaka 2018 serikali ya Sebastián Piñera, rais wa wakati huo, ikamtaka Mhaiti atafute viza kabla ya safari. 2019 ikawa zamu ya Wavenezuela. Kisha sheria namba 21.325, iliyoanza kutumika Februari 2022, ikaufunga ule mlango wa mtalii. Je, watu waliacha kuja? Wapi! Walihamia Colchane, kijiji cha mpakani na Bolivia, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni barafu, hewa nyepesi, hatua chache tu mtu anahema. Akina mama wamevuka pale usiku na watoto wachanga. Wapo waliofia njiani.

Wenyeji wa Colchane, Waaymara wachache ambao ni wazawa wa milima ile, walielemewa kweli, na Tren de Aragua, genge la wahalifu lililozaliwa Venezuela, si hadithi. Mhalifu ahukumiwe, kisha afukuzwe. Lakini katika mji wa Iquique, kaskazini mwa Chile, Septemba 2021, waandamanaji walichoma moto mahema, magodoro na midoli ya watu waliokuwa wakilala nje. Midoli ile ilikuwa ya genge gani? Hilo linaniuma mpaka leo, maana baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973 nchini mwao, Wachile kwa maelfu walikimbilia nje, na Venezuela ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowapokea.

Halafu kuna hili. Serikali ya Gabriel Boric, rais aliyemtangulia Kast, ilipowaita walioingia bila kibali wakajiandikishe, zaidi ya watu 180,000 walikwenda kwa miguu yao wenyewe, wakapigwa picha na kutoa alama za vidole. Hawa ndio wasafisha nyumba, wavuna matunda na wapeleka chakula kwa pikipiki. Majina yao serikali inayo.

Basi wewe unayesema wafukuzwe wote, nijibu: mtu aliyejipeleka mwenyewe polisi kuandikwa, unamfukuza kwa kosa gani zaidi ya lile alilokwisha kulikiri? Na ukishamfukuza, nani atakwenda kujiandikisha tena?