Tupeane uzoefu: uliwahi kuokota nini mtumbani, na bei uliishushaje?

Habari za jioni wakuu. Nimetoka sokoni Karume, Dar, nina hasira na nafsi yangu. Kulikuwa na koti la kijani, pamba nzito, vifungo vyote vipo, bitana ya drafti haijachanika popote. Kijana akaanza na elfu ishirini na tano, "maongezi yapo dada." Nikampa kumi. Akashuka ishirini, nikapanda kumi na mbili, akaja kumi na nane. Basi nikafanya ule mchezo wetu: unaliweka koti taratibu, unavuta hatua tatu, unajifanya unaangalia mikanda ya meza ya pili huku sikio liko nyuma linasubiri "dada njoo, leta hela." Sikuitwa. Nageuka, koti liko begani kwa mama mwingine na keshalipa.

Nipeni zenu nipoe. Umeokota nini, wapi, na ulipigwa wapi?

Mdau wa Tabata
Pole dada. Mimi siendi asubuhi kabisa. Belo, lile furushi la mtumba, likifunguliwa wanaowahi ni wenye maduka, wanachambua grade one kwa bei ambayo wewe wa nguo moja huiwezi. Naenda jioni wakianza kukunja maturubai, hapo unasikia "jero jero, buku buku." Mashati matatu ya kazini nimeyapata kwa elfu tano. Lakini ujue unachagua walichoacha wenzako.

Na suruali hakuna haja ya kujaribu. Zungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma, inakuenea. Hainidanganyi labda mwezi wa Ramadhani na wiki ya Krismasi.

Mdau wa Mbagala
Ya kwangu ni raba. Zilikuwa nyeupe hazina hata doa, unaona kabisa aliyezitoa kazivaa mara mbili akaziweka kabatini miaka kumi. Elfu arobaini nikazishusha mpaka ishirini na mbili, nikajiona mjanja. Kesho yake nimesimama kwenye daladala, nahisi mguu wa kushoto umekuwa mfupi. Kuangalia chini, soli inamung'unyuka kama andazi lililolala. Kufika ofisini nimeacha makombo kuanzia kituoni mpaka mapokezi, mlinzi ananifuata na ufagio.

Kumbe soli za namna ile zikikaa muda mrefu bila kuvaliwa zinaoza zenyewe kwa unyevu wa hewa. Siku hizi raba naikunja mara mbili mbele ya muuzaji na kuibonyeza kwa kidole gumba. Ikilia au ikiacha unga, narudisha. Tena raba safi kupita kiasi ndiyo naiogopa zaidi.

Muuzaji, Karume
Ngoja na sisi tuseme. Belo la kilo 45 nalinunua limefungwa, sijui ndani kuna nini. Nikifungua nikakuta nusu ni mararu, hiyo hasara haina wa kumlalamikia. Wengi wetu tulianza moja baada ya soko kuungua Januari 2022, kwa hiyo tukisema "hapo hainilipi" wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine, sio siku zote.

Ninachoweza kuwaambia: mteja wa kwanza namwachia hata faida ikiwa ndogo, maana sitaki siku ianze kwa mkosi. Anayechukua tatu kwa mpigo tunaelewana. Aliyeshika hela mkononi tunaelewana haraka zaidi. Ila ukianza kuponda mali yangu, "mbona limepauka, mbona linanuka," nakuacha uende. Kama linanuka umelishikilia robo saa ya nini? Na ukiegesha gari mbele ya meza yangu, bei imeshapanda kabla hujashuka.

Mdau wa Kimara
Epukeni pia mawinga kule Kariakoo. Anakushika mkono, anakupeleka dukani, na cha juu chake kinaingia kwenye bei yako. Niliwahi kurudi peke yangu kwenye duka lile lile kesho yake, blenda ile ile, tofauti elfu kumi na tano.

Mdau, Nairobi
Huku Gikomba ile nguo safi ya kwanza kutoka kwa belo tunaiita kamera, na mabaki yote ni fagia. Ukitaka kamera, uwe huko alfajiri na ujue mtu wako. Mimi nina mama mmoja wa sweta, hatubishani bei tena, ananiwekea kando. Miaka minne hiyo. Kubargain ni ya wageni.

Mdau, Kigali
Sisi tunaziita caguwa, na neno lenyewe ni hilo hilo lenu la "chagua." Ila tangu ushuru upandishwe mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, za bei ya chini zimekuwa hadithi. Endeleeni kutusimulia.

Mdau, Uingereza
Huku mtumba wetu ni car boot. Jumapili asubuhi watu wanaegesha kwenye shamba la mtu, wanafungua buti na kutandaza vya nyumbani kwao. Unalipa kidogo getini, ukiwahi sana unalipa zaidi, na bado utakuta wachuuzi wana tochi wanachokoa maboksi kabla mwenyewe hajamaliza kuyashusha. Kupatana kupo ila ni kwa adabu. Kitu cha pauni tano unauliza "tatu utachukua?" Ukitaja moja, anageuza uso.

Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga, nikampeleka. Kiingereza hajui. Akaona birika la kaure na vikombe sita vya maua, mzee mmoja anauza pauni sita. Mimi nilikuwa pembeni natafuta pesa ndogo. Mama akamwinulia vidole viwili, mgongo wa kiganja ukimtazama mzee. Sasa huku ishara hiyo, kiganja kikikutazama mwenyewe, ni tusi zito. Mzee akawa mwekundu kama pilipili. Mama akadhani hajaelewa, akaviinua tena, safari hii akavitikisa.

Nikakimbia kumweleza mzee kwamba anataja bei. Akamtazama mama, akatazama vidole, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Akafunga vikombe kwenye gazeti kimoja kimoja, akachukua pauni mbili. Mama njia nzima ananiuliza, "Kwani nimesema nini?" Sikuwahi kumwambia. Birika liko Tanga, linatoka Idi kwa Idi.

Mwanzisha mada
Nimecheka mpaka watoto wamekuja kuuliza kuna nini. Hasira imeisha kabisa, koti nimelisamehe.

Muuzaji, Karume
Dada samahani, koti la kijani lenye bitana ya drafti, saa tisa hivi leo? Ile ni meza ya jirani yangu, nilikuwepo. Yule mama alitoa kumi na tatu.

Mwanzisha mada
Kumi na TATU??

Muuzaji, Karume
Alikuwa ameishika mkononi.