Vipindi vya mtandaoni saa moja usiku, kamera iwe wazi: ni kumsaidia mwanafunzi au kumbana?

Dada wa Mbezi
Habari za jioni, wakuu. Nasoma shahada kwa masafa, mchana niko kazini, nyumbani nina watoto wawili. Muhula huu chuo chetu kimekuja na utaratibu mpya: vipindi mubashara mtandaoni saa moja hadi saa tatu usiku, siku nne kwa wiki, kamera iwe wazi muda wote, na mahudhurio yanaingia kwenye alama. Awali tulikuwa tunapewa rekodi na maandiko, kila mtu anasoma kwa nafasi yake. Tangazo linasema ni kwa ajili ya ustawi wetu: tumekuwa wapweke, tunalimbikiza kazi, msongo umezidi. Saa moja mimi niko kwenye daladala au niko jikoni, na nilichagua masafa kwa sababu hiyo hiyo. Kumlazimisha mtu mzima akae mbele ya kamera kila jioni ni kumsaidia au kumbana? Waliosoma au wanaofundisha kwa njia hii naomba waseme.

Kijana wa Kihesa
Ni kumsaidia. Rekodi zinadanganya. Unajiambia utaisikiliza kesho, kesho inakuja na yake, wiki ya mtihani inakukuta na mihadhara ya muhula mzima hujaifungua. Waliodisko kwetu (walioondolewa chuo kwa kufeli) hawakuwa wajinga, walikuwa na rekodi zote kwenye simu. Ukishapangiwa saa, unakaa. Halafu tukumbushane: Mandela alisoma sheria gerezani kwa posta, hana bando, hana kompyuta, mchana anavunja mawe. Nyie mna simu mkononi mnalia kisa kamera.

Dada wa Mbezi
Nalia wapi? Nimeuliza utaratibu. Mimi nafunga hesabu za watu kila mwisho wa mwezi na sijawahi kuchelewa. Usinifundishe nidhamu ya muda, kijana. Unadhani asiyeweza kukaa saa moja hadi saa tatu ni mvivu. Mimi hiyo saa nafanya kazi, tofauti ni kwamba hakuna anayeiandika kwenye daftari la mahudhurio.

Mwalimu Mstaafu
Huo mfano wa Mandela tuutumie kwa uangalifu. Shahada yake ya sheria aliipata mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA. Kabla ya hapo alihangaika miaka mingi na masomo ya Chuo Kikuu cha London. Kule gereza la Robben Island walipogundua maandishi ya maisha yake yaliyofukiwa bustanini, walimnyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Kwa hiyo kilichomchelewesha si uvivu. Muda wake ulikuwa mikononi mwa watu wengine. Ukiutazama hivyo, mfano unamtetea dada wa Mbezi.

Kijana wa Kihesa
Shikamoo mwalimu. Alichelewa lakini alimaliza, na ndicho ninachosema. Hakuna mtu aliyekaa kumuuliza ustawi wake uko vipi. Alivunja mawe, akasoma, akamaliza.

Nana wa Tanga
Mwaka 1989 alikuwa havunji mawe, mdogo wangu. Walishamhamishia gereza la Victor Verster, kwenye nyumba, na kulikuwa na askari magereza kazi yake kumpikia. Mtu unayemtaja kama mfano wa kusoma kwa shida alimaliza shahada huku chakula kinaletwa mezani. Simpunguzii heshima hata kidogo, aliyopitia yanajulikana. Ila huyu dada akimaliza kipindi saa tatu usiku, sufuria linamsubiri yeye. Msilinganishe.

Baba Tumaini
Sasa hapa mnataka kusema nini? Kwamba wanaume tunakula tu? Mimi mke wangu alisoma diploma kwa masafa, nilikuwa nawaogesha watoto, nawapeleka shule, napika. Mada ni chuo na kamera, imefikaje kwenye sufuria? Kila mjadala wa elimu humu lazima umalizikie kwa mume.

Nana wa Tanga
Hakuna aliyekutaja, Baba Tumaini. Kama ulipika, Mungu akulipe, na mkeo alimaliza kwa sababu hiyo. Umeithibitisha hoja yangu mwenyewe: alipata mtu wa kumshikia jioni yake. Asiye naye afanyeje? Tangazo la chuo limeandikwa kana kwamba kila mwanafunzi yuko bwenini.

Baba Tumaini
Nimeithibitisha vipi? Nimesema wapo wanaume wanaosaidia, basi. Usiniwekee maneno mdomoni.

Nana wa Tanga
"Wanaosaidia." Watoto ni wa nani?

Baba Tumaini
Haya. Endeleeni.

Mtu wa Kitale
Salamu kutoka Kenya. Hili la nyumbani si la kupuuza hata kidogo. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudi Oktoba, wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Katikati KICD, taasisi yetu ya mitaala, walikuwa wanapeperusha masomo kwenye redio ya KBC kwa ratiba nzuri tu. Nimefundisha shule ya msingi, niliwatembelea wanafunzi wangu. Saa ya kipindi cha hisabati msichana yuko mtoni, mvulana yuko na ng'ombe, redio iko kwa baba. Mzazi si mkatili. Anamwona mtoto yuko nyumbani, kwake hiyo maana yake mtoto yuko huru. Kabla hujamfundisha mtoto kupanga muda, keti na mwenye nyumba mkubaliane ni saa gani mtoto hatumwi.

Mpita Njia
Kenya mlizidisha. Kwetu Tanzania ilikuwa Machi mpaka mwisho wa Juni, tukarudi. Waliokaa muda mrefu kuliko wote ni Uganda, nadhani mwaka mzima.

Mtu wa Kitale
Uganda ni karibu miaka miwili, walifungua rasmi Januari 2022. Na sijaja hapa kushindanisha nchi. Nimeongea juu ya mtoto kutumwa maji wakati wa kipindi.

Mkufunzi
Nafundisha kwa njia hii, nitasema upande wetu. Wenzangu wengi tumeunga mkono kamera na hatukuifanya kwa kukomoa. Unapofundisha saa mbili unazungumza na majina kwenye visanduku vyeusi. Huoni aliyechoka, huoni aliyepotea. Kuna mwanafunzi wangu aliacha kufungua kila kitu katikati ya muhula. Rekodi hakugusa, ujumbe hakujibu, na hakuna aliyegundua mpaka siku ya mtihani kiti chake kikawa kitupu. Alikuwa mgonjwa wa mawazo, yuko chumbani peke yake mji wa mbali. Angekuwa darasani, mwenzake wa jirani angeuliza siku ya tatu. Kamera ni njia dhaifu, lakini ndiyo tuliyoipata. Na niseme tu, wengi wanaolalamikia saa hizi ndio wanaotuma kazi dakika ya mwisho. Kupanga muda ni shida kubwa kwa wanafunzi wa sasa.

Nana wa Tanga
"Wanafunzi wa sasa." Wa zamani walipewa bweni, chakula na nauli ya likizo. Huo muda waliupanga na nani?

Dada wa Mbezi
Mkufunzi, dakika ya mwisho ni kwa sababu watoto wanalala saa nne. Kati ya saa nne na saa sita ndiyo dakika zangu zote, ya kwanza na ya mwisho. Mfumo wenu unaandika "saa 5:52 usiku" mnasoma uzembe.

Kijana wa Kihesa
Lakini mbona mnamrukia kwa sentensi ya mwisho tu? Amesimulia mtu aliyepotea bila mwenzake yeyote kujua, mmeiruka hiyo. Mimi ndiyo imenigusa. Nilikuwa na mwenzangu wa hivyo hivyo.

Mwaka wa Pili, Mbeya
Wakubwa, mnabishania jioni ya nani wakati wengine bando ndilo linatupangia siku. Kipindi cha saa mbili kamera ikiwa wazi kinaweza kula giga moja na kupita. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, hesabu hiyo haiwezekani. Kwa hiyo nanunua bando la usiku, lile la bei nafuu linaloanza saa sita. Napakua na kusoma mpaka saa tisa, saa kumi. Asubuhi kichwa kizito, mchana nalala, jioni nipo kwenye kamera macho mekundu. Kisha tunapewa semina mtandaoni juu ya umuhimu wa kulala kwa muda wa saa saba mpaka nane! Semina yenyewe nilihudhuria kwa bando langu. Na mgao wa umeme ule wa mwishoni mwa 2023, mnara ukizima hata bando huna pa kulitumia, lakini hata siku hiyo uliandikwa mtoro.

Baba Tumaini
Hili la bando la usiku ni kweli kabisa. Mtoto wa dada yangu yuko hivyo, mchana ni kama amekufa. Tulidhani ana matatizo mengine.

Kijana wa Kihesa
Kuna njia ya kugawa muda, dakika 25 unasoma, tano unapumzika. Imenisaidia sana. Simu unaiweka chumba kingine.

Mwaka wa Pili, Mbeya
Kaka, simu ndiyo darasa. Na chumba kingine kina mpangaji.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma yote, nirudi kwenye swali, maana linapotea. Nchi hii ilishafundisha watu wazima kwa masafa kabla ya intaneti. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifika vijijini kwa redio, ikakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza. Redio ilizungumza muda mfupi tu. Kazi kubwa ilikuwa ya kikundi: watu wanaojuana, kijitabu mkononi, kiongozi aliyepewa mafunzo, wanasikiliza, wanajadili, wanaamua watachimba choo lini. Ukikosa kwenda, mtu anakuja kukugongea. Baadaye Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kikaweka vituo mikoani ili mtu anayesoma peke yake awe na mahali pa kukutana na wenzake. Wale walioanzisha mambo haya walijua upweke ndiyo ugonjwa wa masomo ya masafa. Dawa yao ilikuwa kikundi kidogo kinachojipangia saa. Hawakumweka kila mtu chini ya jicho moja saa moja. Toeni rekodi kwa wote, kila mwanafunzi awe kwenye kikundi cha watu watano au sita, wakutane mara moja kwa wiki saa wanayoiweza, kwa sauti tu ikibidi. Alama za mahudhurio ziende huko.

Mpita Njia
Enzi zile kulikuwa na mwenyekiti wa kijiji na balozi wa nyumba kumi, mzee. Watu walikwenda kwa hofu. Msituuzie kama mapenzi ya elimu.

Mwalimu Mstaafu
Nilikuwepo. Hofu ilikuwepo mahali pengine, sikatai. Kikundi changu kilikutana chini ya mwembe wa mama mmoja mjane na hakuna balozi aliyetukusanya. Wewe ulikuwa wapi?

Mpita Njia
Sijazaliwa. Ila nimesimuliwa na babu yangu, naye alikuwepo pia.

Mtu wa Kitale
Tafadhali tusiingie kwenye vijiji vya ujamaa, hatutatoka. Wazo la kikundi ni zuri. Sisi mwaka 2020 waliovuka salama walikuwa wale waliokuwa na jirani wa darasa moja.

Nana wa Tanga
Naliunga mkono, kwa sharti moja: kikundi kichague saa chenyewe kweli. Msije mkaweka kiongozi mwanamume asiye na mtoto, akapanga saa kumi na mbili jioni.

Baba Tumaini
Tumerudi kule kule.

Nana wa Tanga
Hatukuwahi kutoka.

Mkufunzi
Mwalimu, nimekuelewa. Kikundi cha watu sita ni rahisi kwangu kuliko nyuso mia kwenye kioo. Ila nijibiwe jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa isipokuwa kijana wa Kihesa: mtu akipotea, nani ananiambia? Kamera, pamoja na ubaya wake, inaniambia. Nikipata jibu la uhakika nitalipeleka idarani, kwa sababu sipendi kuwaona watu wananyonyesha huku wanajaribu kujificha.

Dada wa Mbezi
Wenzake wa kikundi ndio wanakuambia. Ukimkosa mtu mara mbili mfululizo mnampigia. Asipopokea mnampigia mtu ambaye namba yake aliiacha wakati wa usajili, halafu anapigiwa mkufunzi. Mimi nitakuwa wa kwanza kufanya hivyo, na saa nne usiku siyo shida kwangu, niko macho. Lakini na ninyi mteue mtu wa kupokea simu hiyo. Sasa hivi namba ya ushauri nasaha iliyoko kwenye tangazo inapokelewa saa za kazi tu, na saa za kazi sisi tuko makazini.

Kijana wa Kihesa
Hapo naafiki. Ila lazima ibaki lazima. Kikundi kikiwa hiari, anayehitaji zaidi ndiye atakayekikwepa. Mwenzangu yule angekikwepa.

Dada wa Mbezi
Lazima ya watu sita wanaojua jina la mwanangu naikubali. Lazima ya kamera siikubali. Wiki hii naandika barua kwa mwakilishi wa darasa letu, wa chuo chochote anayetaka nakala aseme nimtumie abadilishe jina la chuo.

Mwaka wa Pili, Mbeya
Nitumie dada. Na ongeza kifungu: bando la hicho kikundi analipa nani?