Tupeane uzoefu: betri za skana zimewahi kukuangusha lini?

Mwana Shangani: Ndugu zangu, jana usiku umeme umekatika hapa Mtwara, nikawasha skana, ile redio ya kusaka masafa, nisikilize chaneli 16 ya vyombo vya baharini. Ikalia mara mbili, ikazima. Betri zote sita magunzi. Nyie mnafanyaje?

Mvuvi Mikindani: Umenitonesha kidonda. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth tunaambiwa kinakuja kwetu. Kaka yangu yuko na chombo upande wa Msangamkuu, ana redio ya mkononi. Mimi niko nyumbani na skana. Betri zangu ni za kuchaji, nilizichaji Januari nikaziweka kabatini, nikijua zipo. Dakika chache tu, kimya. Nikatoa mbili za rimoti, mbili za tochi, nikachanganya na kuukuu mbili. Ikafunguka. Nikasikia mtu anaita chombo, analirudia jina, na jina lenyewe sijalidaka, ikazima. Mama kasimama mlangoni ananiuliza, "Wamesemaje?" Sina jibu. Zile betri nilizipasha mikononi, nikazipangua, nikazipanga, wapi.

Dada wa Lindi: Pole sana. Hata mimi zangu za kuchaji zinaisha zenyewe kabatini.

Fundi Ligula: Kuchanganya ndiko kulikokuponza. Betri dhaifu inaisha kwanza, nzima zinaisukuma kinyume, inavuja. Halafu za kuchaji ni volti 1.2, sita zinakupa 7.2. Za kawaida ni 1.5, sita zinakupa 9. Skana nyingine zina swichi ndani ya kifuniko cha betri, iangalieni. Ukiweka za kawaida, swichi iko kwenye kuchaji, ukachomeka adapta, zinaweza kuvimba hata kupasuka.

Dada wa Lindi: Yangu ilitoa ute, springi zikaota ukungu. Kumbe ndiyo hiyo swichi!

Kilwa Masoko: Mnahangaika bure. Anika juu ya bati saa moja, zinarudi. Bibi alisikiliza redio miaka yote hivyo.

Fundi Ligula: Usipotoshe watu. Joto linakamua tone la mwisho, halijazi kitu. Na betri ya kuchaji jua linaiua.

Kilwa Masoko: Sipotoshi, nimelelewa hivyo.

Fundi Ligula: Redio ya bibi inakula kidogo, mzee. Skana inazunguka masafa muda wote.

Nachingwea Sola: Mimi naunga chaja kwenye betri ya sola ya volti 12. Chajini polepole: betri ya miliampea-saa 2,000 (mAh) kwa chaja ya miliampea 200, saa 14 hadi 16. Kila mwezi narudia.

Mama Chuno: Mimi nanunua mpya nne nne, nazificha watoto wasizione. Lakini jamani, huyo kaka alirudi?

Mwana Shangani: Hata mimi nangoja hilo.

Mvuvi Mikindani: Alirudi, alhamdulillah. Kenneth ilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25. Yeye alishatia nanga mapema, redio yake nayo ilikuwa imekwisha chaji. Nikamuuliza nani alikuwa anaita usiku ule. Akasema si yeye.