Ushauri wakuu: ninunue PS5 sasa, PS4 za mtumba, au nisubiri vita ya konsoli (mashine za gemu) iishe?

Kijana wa Msamvu:
Habari za jioni wakuu. Nina banda la gemu hapa Morogoro, nachezesha kwa PlayStation 3 (PS3), na wateja wameanza kuhamia kwa jirani mwenye PS4. Nimejibana nikapata hela ya PS5 moja, au PS4 za mtumba zaidi ya moja. Kinachonichanganya ni binamu yangu: anasema konsoli ya Nintendo, Switch 2, iliuza zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku 4 ilipotoka Juni 2025, kwa hiyo PlayStation ndiyo basi tena. Ninyi mnaofuatilia mauzo, mtu anajuaje konsoli ipi itadumu? Naogopa kutia hela kwenye kitu kitakachokosa gemu mpya muda si mrefu.

Mzee wa Pedi:
Mkuu, siku za kwanza wananunua mashabiki wa kufa na kupona, soko lenyewe bado halijasema. Nintendo haohao konsoli yao ya Wii ilipita milioni 100, kila mtu akadhani Wii U ya 2012 itafuata njia hiyo. Ikaishia milioni 13 na ushee. Halafu Switch ya 2017 ikapita milioni 150. Kampuni ileile, matokeo mbingu na ardhi.

Takwimu Kwanza:
Naongezea hapo. Mimi nikitaka kutabiri naanza na bei. 2006 PS3 kubwa ilitoka kwa dola 599 huku Xbox 360 ya Microsoft ikiwa sokoni tangu mwaka uliotangulia, Sony wenye PlayStation wakateseka sana mwanzoni. Ila waliposhusha bei na gemu nzuri zikaongezeka, ilipita milioni 87. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Microsoft: Xbox One dola 499, PS4 dola 399. PS4 ikaenda zaidi ya milioni 117, na Microsoft kuanzia 2015 wakaacha kutangaza idadi ya konsoli walizouza. Namba za Xbox unazoona mtandaoni tangu hapo ni makisio ya watu, usizijengee hesabu.

Jingine, na hili ni zito kwako unayefikiria kusubiri: zamani konsoli ikizeeka bei inashuka. Safari hii inapanda. Agosti 2025 Sony waliongeza dola 50 kwenye PS5 huko Marekani. Kwa hiyo usitegemee kwamba mwakani itakuwa nafuu.

Dada Kontrola:
Kaka, PS5 imeshapita milioni 80, haiendi popote. Lakini banda lako haliishi kwa mauzo ya dunia, linaishi kwa mpira. Gemu ya mpira ya FC 26 imetoka Septemba 2025 na PS4 bado imo. Wateja wako vidole vimezoea pedi za PlayStation, Switch 2 utamfundisha nani? PS5 moja ni foleni moja, wengine watachoka kusubiri na kuondoka. Chukua PS4 mbili, hela nyingine weka kwenye pedi za akiba, maana pedi ndizo zinazokufa kila siku.

Kijana wa Msamvu:
Asante dada. Na GTA 6 je? Vijana wanaiulizia sana.

Takwimu Kwanza:
Imepangwa Novemba 19, 2026, kwa PS5 na Xbox Series. PS4 haimo. Ila hiyo ni gemu ya mtu kukaa peke yake masaa, kwenye banda wawili wakicheza mpira kiti kinazunguka haraka zaidi.

Mzee wa Pedi:
Naunga mkono PS4 mbili. Ukienda kununua, nenda na CD ya gemu ya PS4, icheze mechi nzima palepale dukani na usikilize feni. Na siku ukifikia PS5, chukua yenye sehemu ya CD. Ile isiyo nayo itakulazimisha kununua kila gemu mtandaoni, labda uwe na toleo jipya linalokubali kuongezewa kisoma CD.

Kijana wa Msamvu:
Nimewaelewa wakuu. Jumamosi napanda basi kwenda Kariakoo kutafuta PS4 mbili. Mwenye duka analoliamini aje PM (ujumbe wa faragha).