Naomba ushauri: potasiamu imepanda kwa mgonjwa wa moyo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mzee wa miaka 64, huku Masaka, Uganda, moyo umeshindwa kusukuma damu. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ilionyesha kila pigo linasukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo. Anameza furosemaidi mg 40 asubuhi, enalaprili mg 10 mara mbili, karvediloli mg 6.25 mara mbili na spironolaktoni mg 25. Miguu imenywea, usiku analala bila kurundika mito. Lakini potasiamu imetoka 4.6 hadi 5.7, kreatinini, kipimo cha figo, haijasogea.

Sampuli ilisafiri kwa bodaboda kwenye joto, na maji ya damu yalikuwa na wekundu kidogo, kwa hiyo huenda chembe zilipasuka njiani zikamwaga potasiamu yake na kupandisha kipimo kwa uongo. Nimeagiza ichukuliwe upya leo pamoja na ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Ikibaki juu ya 5.5 nitapunguza spironolaktoni, maana hupandisha potasiamu, iwe mg 12.5, ikipita 6.0 naisimamisha. Enalaprili nayo huipandisha, lakini sitaki kuigusa haraka, ndiyo inayombeba. Diklofenaki ya dukani, dawa ya maumivu inayoweza pia kupandisha potasiamu, tayari nimempiga marufuku.

Ninapokwama ni matoke, maana yana potasiamu nyingi. Yanayopikwa kwa mvuke ndani ya majani hayapotezi potasiamu kama yanayochemshwa na maji kumwagwa. Wagonjwa wenu mnawapangia kiasi gani kwa siku, na potasiamu mnairudia baada ya siku ngapi?