Mjadala: Kukata kitabu cha mwaka 1672 na kuuza picha mojamoja, ni haki ya mwenye mali au ni uharibifu?

Wakuu habari zenu. Kuna biashara huko Ulaya inaniuma na nataka tuijadili wazi, najua humu wapo wanaoitetea. Mtu ananunua kitabu cha kale kizima, anashika kiwembe anatoa ramani na picha mojamoja, anazitia fremu anauza. Kitabu kizima mpaka umpate mteja mmoja mwenye hela ndefu, ila picha mojamoja wateja kibao, ukijumlisha unakuta faida ni kubwa zaidi. Na mali ni yake, hakuna wa kumkamata.

Mfano wangu ni kitabu cha Philippus Baldaeus, mchungaji wa Kiholanzi aliyezaliwa Delft 1632. Waholanzi wa VOC, kampuni yao ya biashara ya Asia, walipowanyang'anya Wareno mji wa Jaffna mwaka 1658, kaskazini mwa Sri Lanka ya leo, yeye alikuwa pamoja na jeshi, akabaki huko miaka kadhaa anahubiri na kuzungukia makanisa na shule za vijijini. Aliporudi kwao akaandika habari za Malabar na Koromandeli, pwani mbili za kusini mwa India, na Ceylon, yaani hiyo Sri Lanka, ikachapwa Amsterdam 1672, libuku zito lenye ramani, michoro ya makanisa ya vijijini kama Tellippalai na Mallakam, mpaka herufi za Kitamil, lugha ya wenyeji wa Jaffna, na Baba Yetu kwa lugha hiyo.

Sasa chukua karatasi ya mchoro iliyokatwa humo uigeuze. Baadhi nyuma zina maandishi, unakuta Kiholanzi kinaanzia katikati ya sentensi na kinaishia katikati ya sentensi. Ile sentensi ilikuwa inaeleza kitu kuhusu watu wa mahali fulani, leo nusu yake imegeukia ukuta sebuleni kwa mtu na nusu nyingine haijulikani ilipo. Kwangu mimi huo ni uharibifu. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu napingana na wewe. Kitabu kizima ananunua tajiri anakifungia kwenye sefu, nani atakiona? Picha moja hata mwalimu akijibana anaipata. Halafu vingi vinavyokatwa vimeshaliwa na wadudu, jalada hakuna, kurasa pungufu. Na skani zipo bure mtandaoni, mnalilia nini?

Mleta mada:
La kitabu kilichokwisha kuoza nakuelewa, hapo sina ugomvi sana. Ila skani usiitegemee hivyo ndugu yangu. Skani nyingi za zamani ramani zile za kukunja hazikukunjuliwa, ukifika ukurasa huo unaona karatasi imekunjwa tu basi, na ramani ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Halafu hili soko la karatasi mojamoja ndilo linalowaficha wezi, maana karatasi ikishatoka kitabuni nani atajua imetoka maktaba gani? Yupo dalali wa ramani Mmarekani, Forbes Smiley, mwaka 2005 alikamatwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale baada ya mfanyakazi kuona kiwembe kimedondoka sakafuni, na mwishowe akakiri kuiba ramani 97 kwenye maktaba mbalimbali. 97! Na wanunuzi walikuwepo, kwa sababu wameshazoea kuuziwa karatasi bila kuuliza kitabu kiko wapi.

Mchangiaji wa pili:
Mimi nashangaa mnavyomlilia mkoloni. Huyo mchungaji kaja na mizinga, dini za wenyeji kaziita ibada ya sanamu, leo kitabu chake kikikatwa sisi tunapungukiwa nini? Acha kikatwe.

Mleta mada:
Hapo umegusa penyewe mkuu, na ndiyo sababu mimi nataka kibaki kizima. Sehemu ya tatu ya kitabu hicho ndiyo hiyo ya "ibada ya sanamu", na watu waliisoma miaka na miaka wakijua ni utafiti wake. Mpaka karne ya 20, wasomi kama Jarl Charpentier walipoilinganisha na mswada (yeye aliuchapisha mwaka 1933) wa padri Mjesuiti Fenicio, aliyeishi Malabar na kuandika kwa Kireno mwanzoni mwa miaka ya 1600, ikaonekana mchungaji wetu sehemu kubwa aliichukua humo. Sasa niambie, ungemkamata vipi ukiwa na picha tatu kwenye fremu? Kumshitaki mkoloni kunahitaji ushahidi, na ushahidi ni maneno yake mwenyewe kama alivyoyapanga, ukurasa baada ya ukurasa.

Na fikiria watu wa Jaffna wenyewe. Maktaba yao ya umma ilichomwa moto mwaka 1981, vitabu na miswada kama 97,000 ikateketea. Sisemi Baldaeus alikuwemo humo. Ila mtu aliyepoteza kumbukumbu za kwao kiasi hicho, halafu maandishi machache ya zamani yaliyobaki nje kuhusu kijiji chake yanachanwachanwa ili yapendeze ukutani, mimi siwezi kumwambia atulie kwa sababu eti mali ni ya mwenye nayo.

Mimi sipingi kuuza. Uza, ila kizima. Na kwa karatasi zilizokwisha kukatwa, muuzaji aandike nyuma kwa penseli zimetoka kitabu gani, ukurasa wa ngapi, na alikinunua wapi. Anayeona hilo ni gumu aje aseme ugumu uko wapi.