Kujigonga kidogo tu, wiki sita baadaye damu kichwani?

BintiMzee: Habari zenu. Baba ana miaka 78. Wiki sita zilizopita aliinuka na kujigonga utosini kwenye mlango wa kabati, mlango niliouacha wazi mimi. Hakuanguka, hakuzimia, hata nundu haikutoka. Akanisuta, tukacheka, yakaisha. Juma lililopita nikaona ndara ya kushoto inamvuka kila akitembea na yeye hana habari. Kisha akaanza kuniita kwa jina la marehemu shangazi. Tukadhani kiharusi. CT scan ikaonyesha damu ya zamani upande wa kulia, chini ya utando wa nje wa ubongo. Kaka anasema pigo dogo vile haliwezi kuleta makubwa haya. Mimi silali. Linaweza?

Msomaji_wa_Usiku: Linaweza, dada. Ubongo wa mzee husinyaa, nafasi kati yake na fuvu ikapanuka, na vishipa vinavyokatiza hapo vikabaki vimevutika. Mtikisiko mdogo unatosha kuchana kimoja. Ni veni hizo, mishipa inayorudisha damu moyoni, damu yake hutoka polepole, ndiyo maana siku ile hamkuona kitu. Baadaye mwili hujenga ngozi nyembamba kuizunguka damu ile, na ngozi hiyo ina vishipa vipya dhaifu vinavyovuja tena na tena. Dalili huja baada ya wiki tatu, wakati mwingine miezi. Na mguu ni wa kushoto kwa sababu upande wa kulia wa ubongo ndio unaouendesha.

Mjukuu2: Bibi yetu hatukujua alijigonga wapi. Daktari aliuliza mara tatu, tukabaki kutazamana. Tulishakubali kuwa ni usahaulifu wa uzee! Kwa hiyo hata hilo kabati usiliape. Huenda alijigonga siku nyingine akanyamaza. Wazee huficha.

NesiMstaafu: Anameza aspirini au warfarini?

BintiMzee: Aspirini, ya moyo. Kila siku, miaka sasa.

NesiMstaafu: Mwambie kaka yako hilo. Kishipa kikichanika kwa mtu wa dawa hizo, damu haizibi upesi. Daktari wa upasuaji ajue leo, msiikatishe aspirini wenyewe. Mara nyingi hutobolewa tundu moja au mawili kwenye fuvu, damu ikatolewa (huwa nyeusi nyeusi, kama oili chafu), na mpira ukaachwa siku moja au mbili mabaki yatoke. Wengi hupata nafuu haraka. Ila inaweza kurudi. Mkiwa nyumbani akilalamika kichwa kinazidi, akayumba, au akalala usingizi usioeleweka, msingoje kukuche.

BintiMzee: Asanteni. Ametoka upasuaji jana, matundu mawili. Leo asubuhi ameniita kwa jina langu, akauliza ndara zake ziko wapi. Kaka kaenda kuzileta. Kuhusu kabati hajasema tena kitu.